UZI: Kadi ya sauti iliyomo kwenye mazabodi au ya kuongeza? Tujadili kabla hujatoa hela

#1 fundi_sauti (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Swali la kadi ya sauti halikauki. Mmoja anasema muziki kwenye kompyuta yake hauna uhai, mwingine anasikia mvumo kwenye hedifoni, mwingine anataka kuanza kurekodi, na wote wanapewa jibu lilelile: nunua kadi ya sauti. Jibu hilo linawafaa wachache na linawaumiza wengi, ndiyo maana nimeona nilete uzi tulijadili kwa kina.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kama kazi yako ni kusikiliza tu, kadi iliyomo kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) ya miaka hii inakutosha mpaka ithibitike kwamba haikutoshi. Kama unarekodi sauti ya mtu au chombo kwa maiki ya maana, haitoshi, nunua. Na ukiamua kununua, chukua kifaa cha USB kinachokaa nje ya kompyuta. Kadi za kuchomeka ndani zimebaki na watu wachache sana wa kuwafaa.

Jina baya lilitoka wapi

Kompyuta za PC za mwanzo zilikuwa na kile kispika cha kulia "piip" tu. AdLib ikaja mwaka 1987 na chipu ya Yamaha, Sound Blaster ya Creative ikafuata 1989, na kwa miaka mingi gemu zilikuwa zinakuuliza kabisa wakati wa kusakinisha: una kadi gani ya sauti? Enzi hizo kadi ya kuongeza ilikuwa lazima, bila hiyo unacheza kimyakimya.

Mwaka 1997 Intel walitoa kiwango cha AC'97, kisha HD Audio mwaka 2004. Hapo watengenezaji wa mazabodi wakaweza kuweka sauti kwa chipu moja ndogo, kazi nzito ikahamia kwenye prosesa. Mwanzoni matokeo yalikuwa mabaya kweli. Ukisogeza mausi unaisikia masikioni. Jina baya la sauti ya mazabodi lilizaliwa pale, na limeendelea kutembea hata baada ya chipu zenyewe kubadilika.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: mpaka Windows XP, gemu zilikuwa zinaweza kuikabidhi kadi kazi ya kukokotoa mwangwi na mwelekeo wa sauti kupitia DirectSound, njia ya sauti ya Windows. Ndipo EAX, teknolojia ya mwangwi ya Creative, iliposifika, na ndipo kadi kama X-Fi ya mwaka 2005 zilipokuwa na prosesa yake kubwa. Windows Vista ilipoingia mwaka 2007 njia hiyo ikafungwa. Zikabaki gemu chache zilizotumia OpenAL, njia nyingine isiyopita hapo. Leo gemu inakokotoa sauti yake yenyewe kwenye prosesa kuu, wala mzigo huo hausikiki. Kwa hiyo mtu akikwambia kadi ya sauti itaongeza kasi ya gemu, anazungumzia kompyuta za enzi ile.

Ndani yake kuna nini

Vitu vitatu. Kigeuzi cha kutoa namba kuwa umeme, ambacho wengi tunakiita DAC. Kigeuzi cha kurudisha umeme wa maiki kuwa namba, yaani ADC. Na amplifaya ndogo ya kusukuma hedifoni.

Sasa jiulize kama sauti yako inapita humo hata kidogo. Hedifoni za USB zina kadi yake ndani. Za Bluetooth vilevile. Ukiunganisha runinga au risiva kwa HDMI, au kwa waya wa mwanga, namba zinatoka kama namba na kugeuzwa huko zinakokwenda. Mtu wa namna hiyo akichomeka kadi mpya kwenye kompyuta, kadi ile haitapitisha hata chembe ya sauti anayoisikia.

Kuhusu ubora, tuangalie namba. Kila biti moja inakupa takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini, kwa hiyo biti 16 za CD ni kama desibeli 96. Chipu za bei ya chini za Realtek, kama ALC892 na ndugu zake, zinatangazwa zikiwa eneo hilohilo la tisini na kitu. ALC1220, iliyo kwenye bodi nyingi za daraja la juu kidogo, inatangazwa desibeli 120. Chumba chenye feni ya kompyuta inayozunguka hakikuruhusu kusikia kilichomo kwenye desibeli hizo za mwisho. Na masafa ya sampuli, CD ya 44.1 kHz tayari inabeba sauti mpaka 22 kHz hivi, wakati sikio zima la kijana linaishia 20 kHz. Kadi inayojitapa kwa 192 kHz haikupi noti yoyote ambayo ulikuwa huisikii.

Ila kuna jambo moja lazima niliseme kwa haki: namba hizo ni za chipu, si za mazabodi yako. Kati ya chipu na sikio lako kuna njia za shaba kwenye bodi, kuna ule waya mwembamba unaokwenda kwenye tundu la mbele ukipita karibu na kadi ya grafiki na pawa saplai, kuna tundu lenyewe. Bodi mbili zenye chipu ileile zinaweza kutofautiana sana. Bodi iliyotengenezwa kwa uangalifu utaiona ina mstari mwembamba unaoitenga sehemu ya sauti na sehemu nyingine zote, upande ule wa pembeni chini. Huo mstari ni kitu cha kweli, ndio unaozuia umeme wa kelele kuvuka.

Kabla hujanunua chochote

Hamisha hedifoni kutoka tundu la mbele kwenda lile la kijani la nyuma. Watu wengi wanaolalamikia kadi wanalalamikia ule waya wa mbele bila kujua.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, zima "maboresho" yote. Yale ya kuongeza besi, kupanua jukwaa, kusawazisha sauti, yote zima. Sauti inayoonekana imefifia au ina mwangwi wa ajabu mara nyingi imeharibiwa humo. Weka biti 24 na 48 kHz, nyamazisha tundu la maiki na la bluu (la kuingizia sauti) kama huyatumii, pakua draiva (programu inayoendesha kifaa) kutoka kwa mtengenezaji wa bodi yako. Sauti ikiwa inakatikakatika au inatoa mikwaruzo ya ghafla, hiyo karibu kila mara ni draiva inayoishika prosesa kwa muda mrefu kupita kiasi, na inaweza kuwa hata draiva ya Wi-Fi. Programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha ni ipi. Kadi mpya haitibu hilo.

Karibuni kwa maswali. Mwenye shida aeleze anatumia nini: spika au hedifoni gani, tundu gani, na kelele ikoje.

#2 mzee_wa_vinyl

Uzi mzuri mkuu, lakini hapo kwenye kusikiliza sikubaliani nawe. Nilikuwa na sauti ya mazabodi, nikaweka kadi ya PCIe (ya kuchomeka ndani), tofauti ilikuwa ya wazi kabisa. Besi ilijaa, sauti ya mwimbaji ikasogea mbele. Masikio hayadanganyi.

#3 fundi_sauti

Mzee wangu, shikamoo. Sikatai ulichosikia. Ninachouliza ni kimetoka wapi.

Kadi nyingi za kuongeza zinatoa umeme mkubwa zaidi ya mazabodi kwenye volyumu ileile ya Windows. Sikio la binadamu likipewa muziki uleule mara mbili, mmoja ukiwa juu kwa desibeli moja tu, halisemi "huu una sauti kubwa". Linasema huu umejaa, una besi, mwimbaji yuko karibu. Hivyo ndivyo tulivyo sote, na wauza spika wanalijua hilo tangu zamani. Pili, programu zinazokuja na kadi hizo mara nyingi zinawasha maboresho yake zenyewe siku ya kwanza.

Jaribu hivi ukipata nafasi. Zima kila kitu kwenye programu ya kadi. Cheza toni ya 1 kHz, pima volti zinazotoka kwenye kadi na zinazotoka kwenye mazabodi kwa mita ya kawaida iliyowekwa kwenye AC (baadhi ya mita za bei rahisi zinasoma vizuri masafa ya chini tu, kwa hizo tumia toni ya 100 Hz), kisha punguza iliyo juu mpaka zilingane. Halafu mwombe mtu mwingine abadilishe waya bila wewe kuona, uandike kila safari unayodhani ni ipi. Ukizitambua kwa uhakika, kadi yako inakupa kitu cha kweli na sitakuwa na neno.

Na kuna hali ambayo utazitambua hata ukiwa umefumba macho, nayo ni hii. Bodi nyingine zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea, makumi ya omu. Tuseme 75. Hedifoni yako ni ya omu 32, lakini kwenye masafa ya besi ukinzani wake unapanda mpaka 64. Kwenye omu 32 hedifoni inapata 32 kwa 107 (75 jumlisha 32) ya umeme, yaani asilimia 30. Kwenye besi inapata 64 kwa 139, asilimia 46. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 4, besi imevimba yenyewe bila mtu kugusa kitu. Ukiweka kifaa chenye ukinzani wa omu 1 au 2, besi inarudi mahali pake. Kanuni ambayo mafundi wengi wanaishika ni kwamba ukinzani wa hedifoni uwe angalau mara nane ya ule wa tundu. Kwa hiyo ninaposema "mpaka ithibitike haikutoshi", hili ni mojawapo ya yanayothibitisha.

#4 juma_wa_kodi

Mkuu mimi nina spika mbili zenye amplifaya yake ndani, zimeunganishwa tundu la kijani la nyuma. Nikiwa kimya nasikia "mmmmm" ya chini, na nikifungua gemu inaongezeka mlio mwembamba kama mbu. Nimenunua kidubwana cha USB cha kutoa sauti, "mmmmm" iko palepale! Nimechoka.

#5 fundi_sauti

Ndugu, pole. Umeleta mfano bora kuliko niliotaka kuutoa, na majibu yake nayaandika kwa urefu kwa sababu watu wengi wanapoteza hela hapahapa.

Una kelele mbili, kila moja na chanzo chake.

Hiyo "mmmmm" ya chini ni mvumo wa umeme wa nyumba, 50 Hz au 60 Hz kutegemea nchi, pamoja na mara mbili yake. Inatokea kompyuta na spika zikiwa zote zina waya wa ethi (ule wa kwenda ardhini) na zimechomekwa sehemu tofauti. Ethi ya huku na ethi ya kule hazilingani kikamilifu, kwa hiyo mkondo mdogo unapita kwenye ganda la waya wako wa sauti, na spika zinaukuza kama vile ni muziki. Kidubwana cha USB hakikusaidia kwa sababu waya wa USB nao unabeba ethi ya kompyuta. Umebadilisha kadi, mzunguko wa ethi umebaki vilevile.

Thibitisha kwanza: spika zikiwa zimewaka, chomoa waya wa sauti upande wa kompyuta. Mvumo ukikata, ni mzunguko wa ethi. Ukiendelea, ni spika zenyewe. Kwa mwenye laptopu kipimo ni rahisi zaidi, chomoa chaja usikilize.

Tiba, anza na ya bure: chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, soketi zilizokaribiana. Hii peke yake inawatibu wengi. Isipotosha, tafuta kitenganishi chenye transfoma ndogo mbili, kinakaa katikati ya waya wa sauti, umeme unapita kwa sumaku bila shaba kugusana. Kama spika zako zina tundu la waya wa mwanga, tumia huo, maana kwenye mwanga hakuna shaba ya kubeba ethi. Kama zina XLR au TRS (matundu ya sauti ya kistudio), kifaa chenye matokeo ya aina hiyo kitakufaa pia, kwa sababu kila waya wa sauti unakuwa na pacha wake aliyegeuzwa na kelele iliyoingia kwenye wote wawili inafutana.

NAOMBA SANA: usikate pini ya ethi kwenye plagi. Utaona watu wanashauri hivyo, na ni kweli mvumo utakata. Ila ile pini iko pale ili siku waya wa moto ukigusa bati la kompyuta, fyuzi iungue badala ya wewe. Hakuna muziki unaostahili hatari hiyo.

Huo mlio wa mbu ni habari nyingine. Zima spika, fungua gemu, weka sikio karibu na kasha la kompyuta. Ukiusikia humo, ni koili za kadi ya grafiki au pawa saplai zinatetemeka zenyewe. Huo ni mlio wa chuma, haumo kwenye sauti. Usipousikia kwenye kasha lakini uko kwenye spika, basi kelele za kadi ya grafiki zinavuja kuingia kwenye njia ya sauti, na hapo kifaa cha nje kina haki ya kusaidia. Kwenye kidubwana chako cha USB mlio wa mbu upo bado?

#6 juma_wa_kodi

Ngoja nijaribu jioni nikirudi. Nitaleta mrejesho.

#7 dada_podi

Asante kwa somo kaka. Mimi nataka kuanza kipindi cha mazungumzo, watu wawili. Nina maiki ya pini ndogo niliyopewa, nikiichomeka tundu la pinki sauti iko chini mno, nikipandisha inajaa "shhhhh". Ni kadi au ni maiki?

#8 fundi_sauti

Dada, hapo ni kadi kwa sehemu kubwa, na ndipo ninapobadilisha wimbo wangu: wewe nunua.

Maiki inatoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Kinachohitajika ni amplifaya ya kwanza iliyo safi kabla ya umeme huo kugeuzwa namba. Kwenye mazabodi sehemu hiyo ndiyo inayobaniwa kuliko zote, maana mtengenezaji anajua wengi watapiga simu tu. Yale maongezo ya +10, +20 na +30 dB unayoyaona kwenye mipangilio yanakuza sauti yako pamoja na kelele iliyokwisha kuingia, kama ukikuza picha iliyopigwa gizani chengachenga zake nazo zinakua.

Kabla ya hela, sogea. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inaongezeka kwa takriban desibeli 6 na kelele ya kadi inabaki ilipo. Kutoka sentimita 40 mpaka 10 ni desibeli 12 za bure. Weka maiki pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipige.

Sasa kwa watu wawili. Ukinunua maiki mbili za USB, kila moja ni kadi ya sauti yenye saa yake ya ndani, na saa mbili hazitembei sawasawa. Mwishoni mwa mazungumzo ya saa nzima sauti zinaweza kuwa zimepishana, na kuzipanga ni adha. Chukua intafesi (kadi ya nje ya kurekodia) moja ya USB yenye matundu mawili ya XLR, zipo kama Focusrite Scarlett 2i2 au MOTU M2, na maiki mbili za kawaida za XLR. Hapo saa ni moja.

Maiki za kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwenye intafesi, kuna kitufe chake. Maiki za dainamiki hazihitaji, na kwa chumba kisichotulia ndizo ninazozipendekeza kwa sababu hazichukui kila kitu cha mbali. Ila angalia nguvu ya intafesi: maiki kama Shure SM7B inataka ukuzaji wa desibeli 60 hivi, na intafesi dhaifu itaishia njiani.

#9 mpiga_kinanda

Naunga mkono. Niongezee langu: nikipiga kinanda cha MIDI (kinachotuma noti kwenye kompyuta), sauti inakuja imechelewa, vidole viko mbele muziki uko nyuma. Natumia kadi ya mazabodi. Kadi mpya itatibu?

#10 fundi_sauti

Mkuu, itategemea draiva kuliko kadi.

Kompyuta inatoa sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 1024 kwenye 48 kHz ni milisekunde 21, na hapo bado hujaongeza muda wa Windows kuchanganya sauti za programu zote. Fungu la 128 ni milisekunde 2.7. Mpigaji anaanza kukereka zikizidi kumi na kitu. Steinberg walileta ASIO mwaka 1997 kwa shida hiihii: programu inaongea na kifaa moja kwa moja, inaruka mchanganyiko wa Windows.

Intafesi za kurekodi zinakuja na ASIO yake. Kadi ya mazabodi haina, lakini jaribu kwanza ASIO4ALL, ya bure, au chagua WASAPI ya kipekee (njia ya Windows ya kuipa programu moja kifaa chote) kwenye programu yako. Shusha fungu hatua kwa hatua mpaka mikwaruzo ianze, kisha panda hatua moja. Wengi wanafika mahali pa kupigika bila kununua kitu. Kwa Mac, Core Audio tayari imelitatua hilo. Kwa Linux, kazi hiyo inafanywa na programu za JACK au PipeWire.

Ila ukitaka kuimba huku unapiga, nunua intafesi. Ina njia ya kukusikilizisha maiki yako moja kwa moja bila kupita kwenye kompyuta, na hiyo mazabodi haitakupa kwa ubora unaoweza kuimba nao.

#11 gemu_tu

Wakuu, na sisi wa gemu? Kuna kadi ya 7.1 (sauti ya spika nane) nimeiona, naambiwa utasikia hatua za adui nyuma yako. Hedifoni zangu ni Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250, naambiwa pia mazabodi haziwezi kuzisukuma.

#12 fundi_sauti

Mkuu, hedifoni ina spika mbili. 7.1 kwenye hedifoni ni hesabu ya kudanganya masikio kwamba sauti imetoka nyuma, na hesabu hiyo ni programu. Windows 10 na 11 zina Windows Sonic bure ndani yake, na gemu nyingi za ushindani zina yake iliyotengenezwa vizuri zaidi. Washa moja tu. Ya gemu pamoja na ya Windows pamoja na ya kadi, zikilundikana, mwelekeo unapotea kabisa. Ukiwa na spika nane za kweli, mazabodi nyingi zenye matundu matano au sita nyuma zinazitoa zote.

Kuhusu omu 250, tusiogope namba, tuihesabu. Mtengenezaji anasema hedifoni hizo zinatoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Mazabodi ikitoa volti 1, kwenye omu 250 hizo ni miliwati 4, yaani ongezeko la desibeli 6. Umefika 102. Kwa gemu na muziki wa kisasa uliobanwa hiyo ni sauti kubwa, hutakaa nayo muda mrefu bila kuumiza masikio. Kwa okestra yenye vipindi vya chinichini utatamani zaidi, kwa filamu zilizorekodiwa chini vilevile. Kwa hiyo kipimo chako ni kimoja: je, unafika asilimia 100 ya volyumu na bado unataka? Kama ndiyo, tafuta DAC ya USB yenye amplifaya. Kama unaishia 60 au 70, umekamilika.

#13 mzee_wa_vinyl

Marahaba mwanangu, nilikuwa sijaitikia. Nimelinganisha volti kama ulivyosema, mazabodi ilikuwa chini kwa karibu theluthi. Baada ya kulinganisha, mjukuu akinibadilishia waya, nyimbo nyingi sikuweza kutofautisha. Lakini kuna kitu: gemu ya mjukuu ikiwa imefunguliwa nyuma, kwenye mazabodi nasikia mnong'ono kati ya nyimbo, kwenye kadi hapana. Naibakiza kadi yangu.

#14 fundi_sauti

Ibakize mzee, umeipa sababu. Na umefanya kipimo ambacho wengi hawakifanyi, kusikiliza kompyuta ikiwa na mzigo. Mnaotaka kukiona kwa macho: unganisha waya kutoka tundu la kijani kwenda la bluu, fungua programu ya kurekodi ya Audacity, rekodi ukimya kompyuta ikiwa imetulia, kisha rekodi tena gemu ikiwa imefunguliwa na sauti yake ikiwa imenyamazishwa. Linganisha ukubwa wa kelele.

Sababu yangu ya kupendelea USB kwa anayenunua leo iko palepale. Kadi za zamani za PCI bodi mpya hazina hata sloti yake. Za PCIe zinakaa mle mle ndani ya kelele za kadi ya grafiki, ambayo siku hizi ni nene mpaka inafunika sloti ndogo jirani, na zinategemea draiva ambayo mtengenezaji anaweza kuiacha mfumo mpya ukitoka. Kifaa cha USB kinachofuata kiwango cha kawaida kinatambulika chenyewe kwenye Linux na Mac, na Windows nayo tangu 2017 ina draiva yake ya kizazi cha pili. Kinahamia laptopu, kinahamia simu. Hata kile kikonekta kidogo cha Apple cha USB-C kwenda pini ya 3.5 mm ni DAC safi mno kwa hedifoni za kawaida. Angalia tu, toleo la Ulaya limepunguzwa mpaka nusu volti.

Wa laptopu yenye tundu lililokufa, jibu lako ni hilohilo. Na kama tundu lako moja linabeba hedifoni pamoja na maiki, maiki ya pini yake peke yake haitasikika mpaka upate waya wa kugawa wa pini yenye mikanda minne.

#15 juma_wa_kodi

Mrejesho. Nimechomoa waya, mvumo ukakata. Spika zilikuwa soketi ya ukuta mwingine, nimezileta ekstensheni moja na kompyuta: "mmmmm" imekwisha kabisa. Mlio wa mbu kwenye kidubwana cha USB haupo, kwenye tundu la kijani bado upo. Kwa hiyo kidubwana nisikirudishe?

#16 fundi_sauti

Usikirudishe, kimefanya kazi yake, tatizo la ethi lilikuwa linakifunika. Kichomeke kwenye poti ya nyuma ya kompyuta, si ya mbele, na volyumu ya Windows iache karibu na juu, upunguzie kwenye kitasa cha spika. Gemu ikiwa wazi mbu akirudi, niandikie hapahapa umekichomeka poti ipi.